Simu ya dharura ni mtaji: Pwani ya Lindi yahitaji mifumo inayosomana

KILWA MASOKO

Wafanyabiashara wa Kilwa na mwambao mzima wa Lindi wana sababu ya kuikumbuka Mei 2024. Katika muda wa siku nane walipoteza barabara, kisha wakapoteza intaneti.

Kimbunga Hidaya kilifika pwani tarehe 4 Mei. Mvua iliyoandamana nacho iliikata barabara kuu ya Dar es Salaam hadi Lindi katika maeneo kadhaa ya wilaya ya Kilwa, Somanga ikiwa mojawapo, na kwa siku kadhaa hapakuwa na gari lililopita kutoka upande mmoja kwenda mwingine. Tarehe 12 Mei, wakati malori yakianza kupumua, mikongo ya baharini ya EASSy na Seacom ilipata hitilafu kati ya Msumbiji na Afrika Kusini. Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizobaki na intaneti ya kusuasua.

Hasara ya barabara inajulikana kwa kila mwenye mzigo. Huhesabiwa kwa barafu iliyoyeyuka, samaki waliooza, siku za kumlipa dereva aliyekaa bure na mteja aliyenunua kwingine. Lakini ipo hasara nyingine isiyoandikwa katika daftari lolote, nayo ni ya simu ya dharura iliyopigwa ikakosa wa kuipokea, au iliyopokelewa na mtu asiyeweza kumwamsha mwenzake wa idara nyingine.

Suala hilo sasa linagusa mfuko wa mfanyabiashara kuliko zamani. Kilwa Masoko inajengwa bandari ya uvuvi ya zaidi ya shilingi bilioni 260, ambayo Rais Samia Suluhu Hassan aliiwekea jiwe la msingi Septemba 2023. Gesi ya Songosongo imekuwa ikisafirishwa tangu 2004, kwanza kwa bomba la baharini la kilomita 25 hadi Somanga Funga, kisha kwa bomba la nchi kavu la kilomita zaidi ya 200 hadi Ubungo. Msimu wa ufuta wa 2024 minada ya mkoa wa Lindi iliendeshwa kwa kompyuta kupitia Soko la Bidhaa Tanzania. Mali inaongezeka, watu wanaongezeka, vyombo vinaongezeka barabarani na baharini. Njia ya kuita msaada nayo haina budi kukua.

Kila namba na mwenyewe

Mtanzania mwenye shida ana namba kadhaa za kupiga bila malipo. Polisi ni 112. Zimamoto na Uokoaji ni 114. Namba 115 inatumika kwa usafiri wa dharura wa wajawazito, waliojifungua na watoto wachanga. Kwa upande wa bahari, shughuli za utafutaji na uokoaji huratibiwa na kituo kilichopo Dar es Salaam chini ya Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania, TASAC.

Kila moja ya huduma hizo ina kazi yake na wataalamu wake. Tatizo ni kwamba ajali haichagui idara. Chukua mfano wa Fuso lililopinduka usiku karibu na daraja la Matandu likiwa na mafuta ya kupikia na abiria watatu. Hapo anatakiwa polisi wa kuzuia magari, anatakiwa zimamoto wa kukata bodi, na inatakiwa gari ya kuwapeleka majeruhi hospitali ya Kinyonga, Kilwa Kivinje. Msamaria mwema mwenye simu ya tochi, yenye chaji ya dakika tano, atapiga namba ipi kwanza? Na atakapoulizwa yuko wapi, ataeleza vipi mahali ambapo yeye mwenyewe anapita tu?

Maswali hayo mawili, nani apokee na mpigaji yuko wapi, ndiyo yaliyoifanya dunia ianze kubadili mitambo ya simu za dharura.

Kutoka waya hadi intaneti

Mfumo wa namba moja ya dharura si jambo jipya. London ilianza kutumia 999 mwaka 1937 na Marekani ilipiga simu yake ya kwanza ya 911 mwaka 1968. Nchi za Ulaya zilikubaliana mwaka 1991 kuwa na 112 kama namba ya pamoja. Mifumo yote hiyo ilijengwa juu ya simu za waya, ambapo shirika la simu lilijua kila waya unaishia nyumba gani. Kilichobebwa na waya huo ni sauti peke yake.

Simu ya mkononi iliuvunja utaratibu huo, maana mpigaji hana tena waya wala nyumba. Mifumo mipya inaitumia intaneti kubeba simu yenyewe. Sauti hugeuzwa kuwa taarifa kama ilivyo barua ya kompyuta, na pamoja nayo huweza kusafiri mahali alipo mpigaji, ujumbe wa maandishi, picha au taarifa ya kifaa kilichofungwa kwenye gari. Kituo kinachozidiwa na simu kinaweza kukihamishia kituo cha mkoa jirani simu hizo pamoja na maelezo yake yote, bila mpigaji kuanza upya.

Sharti kubwa ni viwango vya pamoja. Mitambo ya polisi, ya hospitali na ya zimamoto inaweza kununuliwa kwa wauzaji watatu tofauti, ilimradi inasomana. Pasipo kusomana, fedha nyingi hununua visiwa vitatu vya kisasa badala ya visiwa vitatu vya kizamani.

Ulaya imekwenda mbali katika hili. Tangu 2018 aina mpya za magari madogo zinazoidhinishwa huko lazima ziwe na kifaa kinachopiga 112 chenyewe ajali kubwa inapotokea, na tangu Machi 2022 simu za kisasa zinazouzwa katika soko hilo zinatakiwa ziweze kutuma mahali alipo mpigaji.

Somo lililoanzia Kanda ya Ziwa

Kwa msomaji wa Kilwa au Lindi, mambo ya Ulaya yanaweza kuonekana ni ndoto. Lakini sehemu ya ndoto hiyo inafanya kazi Tanzania tayari, na haikuanza na mitambo ya mabilioni.

Mpango wa m-mama ulianzia Kanda ya Ziwa, Sengerema na mkoani Shinyanga, kwa ushirikiano wa Serikali na taasisi ya hisani ya Vodafone pamoja na wadau wengine. Aprili 2022 Rais Samia aliuzindua Dodoma kuwa mpango wa kitaifa. Namna unavyofanya kazi ni rahisi kueleza. Mama anapopata uchungu wenye matatizo, yeye, ndugu yake au mhudumu wa zahanati hupiga 115. Mwongozaji aliyepo kituoni huuliza maswali yanayoonyeshwa na programu ya kompyuta, hupima uzito wa hali, kisha programu humwonyesha kituo cha afya kinachofaa na chombo kilicho karibu. Ikiwa gari la wagonjwa lipo, linakwenda. Ikiwa halipo, huitwa dereva wa jamii, yaani mwenye gari la kawaida aliyesajiliwa na kukubaliana bei mapema. Akimfikisha mgonjwa, hulipwa kwa M-Pesa.

Mfanyabiashara atatambua mara moja kilichofanyika hapo. Mpango haukungoja kila kijiji kipate gari la wagonjwa. Ulitumia magari yaliyokwishanunuliwa na wananchi, ukaweka utaratibu wa kuyaita na uhakika wa kuyalipa. Dereva ambaye zamani alisita kumbeba mgonjwa wa usiku kwa kuhofia kukopwa, sasa anajua fedha itaingia kwenye simu.

Kwa mujibu wa tafiti za kitaifa za afya, vifo vya uzazi nchini vilikuwa 556 kwa kila vizazi hai 100,000 katika utafiti wa 2015-16, na vikashuka hadi 104 katika utafiti wa 2022. Mafanikio hayo yana baba wengi: vituo vya afya vilivyojengwa, vyumba vya upasuaji, wakunga walioajiriwa. Usafiri wa dharura ni mmoja wao.

Hata hivyo, m-mama imewekewa mipaka. Dereva aliyevunjika mguu Nangurukuru si mteja wake. Wala mvuvi aliyepigwa na mlingoti wa jahazi, wala fundi aliyeunguzwa na umeme bandarini. Kiini cha suala kinalowakabili wafanyabiashara wa mwambao ni hicho: utaratibu uliothibitika kwa mama mjamzito upanuliwe vipi ili umfikie kila mwenye dharura, na usomane na 112 na 114.

Vipande vilivyopo mezani

Vipande vingi vinavyohitajika vimekwisha kulipiwa. Operesheni ya Anwani za Makazi ya 2022 iliweka namba kwa nyumba na majina kwa barabara, na taarifa zake zimo katika mfumo wa kompyuta unaofahamika kama NaPA. Mabasi ya abiria ya mikoani yamefungwa kifaa cha kufuatilia mwendo, na kifaa hicho hutuma mahali basi lilipo kwa Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini, LATRA. Mamlaka ya Serikali Mtandao nayo inao mfumo wa kubadilishana taarifa kati ya taasisi za umma, na neno la mifumo kusomana limekuwa agizo la kila mara katika hotuba za viongozi.

Vipande hivyo vikiunganishwa na dawati moja la dharura, basi lililosimama ghafla katikati ya Somanga na Njia Nne saa nane usiku lingeonekana kabla ya abiria wa kwanza kupata mtandao. Mnunuzi wa ufuta aliyekwama na lori angetaja namba ya anwani ya nyumba iliyo karibu badala ya kusema yuko mbele ya mbuyu.

Kwa upande wa minara, Mei 2023 Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote ulitiliana saini na kampuni za simu mikataba ya kujenga minara 758 katika kata 713 nchini, kwa gharama ya takriban shilingi bilioni 265. Ruzuku ya Serikali katika hizo ni takriban bilioni 126. Hii ni njia ya kupeleka mawimbi mahali ambapo kampuni peke yake isingepata faida.

Ipo pia faida ndogo ambayo wengi hawaijui. Kwa viwango vya kimataifa vya simu za mkononi, namba 112 hutambuliwa na simu yenyewe kuwa ni ya dharura. Laini yako ikiwa haina mawimbi, simu inaweza kutafuta mnara wa kampuni nyingine yoyote uliopo karibu na kuomba kupitia hapo. Namba 114 na 115 hazimo katika orodha hiyo ya kimataifa, hivyo simu huzichukulia kama namba za kawaida, isipokuwa laini au mtandao umeelekezwa vinginevyo. Katika vijiji ambako mnara ni wa kampuni moja tu, tofauti hiyo ni kubwa. Ni hoja mojawapo ya kuufanya mlango wa kuingilia uwe mmoja, na kuyaacha mafundi wayagawanye maombi ndani.

Intaneti nayo hukatika

Wanaopendekeza kuhamishia simu zote za dharura kwenye intaneti hawana budi kujibu swali la Mei 2024. Je, mkongo ukikatika baharini, mgonjwa wa Kiranjeranje atapona?

Jibu linategemea mitambo imewekwa wapi. Hitilafu ya EASSy na Seacom ilizuia hasa taarifa zinazokwenda na kutoka nje ya nchi. Programu ya dharura inayokaa kwenye kompyuta za ng'ambo ingeyumba pamoja nayo. Programu hiyo hiyo ikikaa kwenye kituo cha kuhifadhi taarifa kilichopo nchini, na mitandao ya simu ikikutana humu humu ndani, simu ya Kilwa kwenda Lindi haina sababu ya kuzunguka Ulaya. Huo ni uamuzi wa mkataba unaopaswa kufanywa siku ya ununuzi, maana baada ya hapo gharama yake ni kubwa.

Nchi tajiri zimeyaona haya kwa uchungu. Tarehe 2 Juni 2021 nchini Ufaransa hitilafu katika mitambo ya kampuni ya Orange ilifanya maelfu ya simu za dharura zisiunganishwe kwa saa kadhaa. Septemba 2025 nchini Australia kazi ya kuboresha mtandao wa Optus iliziba simu za dharura katika baadhi ya majimbo, na tukio hilo likahusishwa na vifo. Katika visa vyote viwili mitambo haikuwa ya kizamani. Kilichokosekana ni njia mbadala iliyojaribiwa.

Kwa mwambao wa Lindi njia mbadala ina sura tatu. Ya kwanza ni umeme. Mnara usio na betri za kutosha au dizeli huzimika muda mfupi baada ya gridi kukatika, na barabara ikiwa imekatwa hakuna wa kuupelekea mafuta. Ya pili ni njia za mawasiliano. Nyaya nyingi za mkongo hulazwa kandokando ya barabara kuu, hivyo mto unaobomoa kalavati unaweza kubomoa na waya. Mawasiliano ya redio ya mnara kwa mnara au ya satelaiti lazima yawepo akiba. Ya tatu ni ujumbe mfupi. Intaneti inapodhoofika, ujumbe wa maandishi wa kawaida mara nyingi hupita mahali ambapo sauti na picha hushindwa.

Baharini hakuna kibao cha anwani

Sehemu ngumu kuliko zote ni bahari. Pweza wa Songosongo, kamba na samaki wa Kivinje na Somanga huletwa na ngalawa, mashua na boti za faiba ambazo chombo chake cha mawasiliano ni simu ya mkononi iliyofungwa kwenye mfuko wa nailoni. Meli kubwa husikiliza chaneli 16 ya redio za baharini, ambayo ndiyo ya wito wa dharura duniani kote. Mwenye ngalawa hana redio hiyo.

Hapa ndipo kusomana kunapolipa zaidi. Mvuvi akipiga 112 kutoka nje ya Kilwa Kisiwani, simu hiyo pamoja na mahali ilipotoka ingetakiwa kuonekana papo hapo kwa kituo cha uokoaji baharini Dar es Salaam na kwa boti iliyo karibu, iwe ya polisi, ya bandari au ya mfanyabiashara. Utaratibu wa dereva wa jamii unaweza kabisa kuwa na ndugu yake, yaani nahodha wa jamii, aliyesajiliwa, mwenye maboya na redio, anayelipwa mafuta na muda wake kwa simu akishatimiza kazi.

Bandari ya uvuvi ikishaanza kazi, vyombo vitakwenda mbali zaidi na kukaa siku nyingi zaidi baharini. Kampuni za bima zitauliza swali moja kabla ya kupanga bei: chombo kikipata shida, nani atajua, na baada ya muda gani? Mwenye jibu zuri atakuwa na nguvu ya kuombea ada nafuu.

Nani alipe, nani apate

Wawekezaji wadogo wana haki ya kuuliza fedha iko wapi. Simu ya dharura ni ya bure kwa mpigaji, kwa hiyo kwa kampuni ya simu yenyewe ni gharama. Mapato yanatoka pembeni: malipo yanayopita kwenye M-Pesa na huduma za namna hiyo, ukodishaji wa njia za mawasiliano kwa taasisi za Serikali, na wateja wanaobaki na laini kwa sababu mawimbi yapo wanapoyahitaji.

Vodacom Tanzania ndiyo kampuni ya simu ambayo Watanzania wengi wa kipato cha kati walinunua hisa zake. Mwaka 2017 iliuza asilimia 25 ya hisa kwa shilingi 850 kila moja, ikakusanya shilingi bilioni 476 na kuorodheshwa katika Soko la Hisa la Dar es Salaam Agosti mwaka huo. Mwenye hisa hizo anapaswa kujua kwamba minara ambayo simu yake hutegemea ni biashara ya watu wengine kwa kiasi kikubwa. Mwaka 2013 kampuni hiyo ilikubaliana kuiuzia Helios Towers minara yake, na Helios imeorodheshwa London tangu 2019. Hivyo agizo lolote la kuongeza betri katika minara ya Lindi litaanzia kwa mwenye mnara na kumalizikia katika kodi anayolipa mpangaji.

Wanaoweza kupata kazi ya karibu zaidi ni wafanyabiashara wa hapa hapa: wenye magari na boti watakaosajiliwa, mafundi wa umeme wa jua, wauza maboya na redio, na vijana waliosoma kompyuta watakaokaa kwenye madawati ya kupokea simu. Mengi ya matumizi hayo ni madogo madogo, lakini ni ya kila mwezi, na biashara ya kila mwezi ndiyo inayolipa ada ya shule.

La kufanya sasa

Wakati mifumo ikisubiriwa kusomana, yapo ya gharama ndogo. Madereva wa mizigo waandikiwe 112 kwenye kioo cha gari, na wafundishwe kutaja kijiji walichokipita mwisho na mto unaofuata. Kila chombo kiwe na laini za kampuni mbili. Salio la biashara lisikae kwenye mtandao mmoja tu. Wenye boti wasitoke kabla ya kusikia taarifa ya Mamlaka ya Hali ya Hewa, ambayo kabla ya Hidaya ilitoa tahadhari mapema. Wenye magari madogo waulize halmashauri zao utaratibu wa kujiunga na m-mama.

Kwa wanaofuatilia soko, mambo ya kutazama ni matatu. Kwanza ni zabuni yoyote ya mitambo ya 112, 114 au 115, na kama ndani yake kuna sharti la viwango vya pamoja na la kuhifadhi taarifa nchini. Pili ni masharti ya umeme wa akiba katika minara ya mwambao. Tatu ni vifaa vya uokoaji vitakavyowekwa katika bandari ya Kilwa Masoko siku itakapofunguliwa.

Barabara ya Somanga ilitengenezwa na magari yakapita tena. Mkongo ulitengenezwa na intaneti ikarudi. Mvua nyingine za masika zitakuja, na mali itakayokuwa njiani safari hiyo itakuwa nyingi kuliko ya 2024.